Kitabu Kilisema Hayupo Tanga

Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la tatu aliwahi kuniletea daftari lenye mstari huu, umeandikwa kwa mwandiko safi kuliko wangu: "Simba ni mnyama wa jamii ya paka, tazama picha ukurasa wa 14." Nikamwuliza picha iko wapi. Akafungua daftari lake, akahesabu kurasa kwa kidole mpaka ya 14, akaikuta tupu, akanitazama kama mtu aliyeibiwa.

Siku ile ndiyo nilijua sijafundisha kitu. Nilikuwa nimewapeleka watoto 68 kwenye maktaba ya shule, nikawaambia kila mmoja achague mnyama, atafute habari zake, aandike. Maktaba yenyewe ilikuwa stoo ya majembe zamani: kabati mbili, mkeka wa ukili, madawati yaliyokatika miguu yakaegemezwa ukutani, na dirisha linaloingiza upepo wa bahari ikifika saa saba mchana, kurasa zinajifunua zenyewe. Vitabu vya wanyama vilikuwa 23. Idadi naikumbuka kwa kuwa nilivihesabu baada ya vita. Zaidi ya nusu ya darasa walitaka simba, na kitabu cha simba kilikuwa kimoja. Kilitoka humo bila jalada.

Waliobahatika kupata vitabu walinakili. Mmoja alinakili mpaka sanduku la posta la mchapishaji. Binti mwingine aliandika kwamba nyangumi ni mamalia, nikamwuliza mamalia maana yake nini, akafikiri kidogo akajibu: "Ni mama anayelia."

Jioni ile nilirudi nyumbani Chumbageni, hapa Tanga mjini, kwa miguu, nimenuna, nawalaumu watoto, nawalaumu waliowafundisha darasa la kwanza na la pili. Ilinichukua siku kadhaa kukubali kwamba wale watoto walifanya nilichowaambia. Niliwaambia waandike kuhusu mnyama, wakaandika kuhusu mnyama. Hakuna aliyekuwa anataka kujua chochote.

Muhula uliofuata nilianzia nje, chini ya mkungu, bila kitabu wala daftari. Nikawaambia leo mtaniuliza nyinyi, na mimi sijibu hata moja. Wakanyamaza. Mtoto shuleni kwetu amezoea kuulizwa, kuuliza ni kazi ya mwalimu. Mwisho sauti ikatoka nyuma kabisa: "Mwalimu, popo akining'inia kichwa chini, anakojoaje?"

Lilipasuka cheko pale, kungu zikaacha kutafunwa. Mwenyewe akainamisha kichwa, anataka kulia. Nikachukua chaki ya rangi, nikaliandika swali lake la kwanza kwenye ubao mdogo, kwa herufi kubwa. Basi. Baada ya hapo sikuweza kuwazuia. Kaa kwa nini anakwenda ubavu? Kunguru anajuaje saa ya mapumziko? (Anajua. Muulize mtoto yeyote aliyenyakuliwa andazi mkononi.) Kasa akishataga akarudi zake baharini, watoto wanamjuaje mama yao? Kinyonga akipita juu ya kanga, atatoka na maua?

Nikawagawa vikundi vinane, kila kikundi swali moja. Nasisitiza swali, si mnyama, kwa sababu hapo ndipo kazi yote ilipogeuka. Mtoto aliyepewa simba atanakili ukurasa mzima wa simba na kuona amemaliza. Aliyeshika swali la mkojo wa popo hana pa kunakili. Inabidi apite ukurasa huu anatafuta, aruke yasiyomhusu, arudi nyuma, na akilikuta aruke yeye mwenyewe. Jibu, kwa anayetaka: popo wengi hujigeuza mara moja, wakashika kwa kucha za mabawa, wakamaliza haja, wakarudi kichwa chini. Darasa zima liliigiza kwenye madirisha. Mwalimu wa chumba cha jirani alikuja kuuliza kuna nini. Baadaye tulikwenda Mapango ya Amboni kuwaona popo wenyewe. Si mbali, lakini nauli iliwashinda wengi, na kwa walioweza kwenda kilichobaki kichwani ni harufu.

Vikundi viliingia maktaba viwili viwili, mikono imenawiwa. Hiyo ya kunawa isionekane ndogo. Msimu wa maembe nimeona kitabu cha ndege kimeganda kurasa kumi pamoja.

Kilichonitoa jasho kweli ni faharasa. Vitabu vyetu vingi vya watoto vina yaliyomo tu, faharasa hakuna, ila tulikuwa na kimoja kinene kilichokuwa nayo mwishoni. Nikawafundisha: tafuta jina la mnyama kwa mpangilio wa alfabeti, namba iliyo mbele yake ndiyo ukurasa. Rahisi. Kikundi kimoja kikaja mbio: "Mwalimu, kitabu hiki hakina tembo, na picha yake iko kwenye jalada." Tukaangalia T pamoja. Kweli, tembo hamna. Kumbe mwandishi alimwita ndovu, yuko N amekaa kimya. Na kwetu pwani neno tembo lina mambo yake, maana ni pombe ya mnazi pia. Mtoto mmoja aliposema kwa sauti kwamba babu yake anapenda sana tembo, ilibidi nigeukie ubao nijifanye nafuta.

Kikundi kingine kilitafuta viboko kwenye V. Mimi mwenyewe wiki ile ile niliwafundisha umoja na wingi: kiboko, viboko. Faharasa iliwaweka wanyama kwa umoja, kwa hiyo V hawakuona kitu. Mvulana mmoja akafunga kitabu taratibu akasema, "Heri havimo."

Sijawahi kuona kitabu cha ualimu kinachozungumzia tatizo hili, na nafikiri ni letu wenyewe. Mtoto anajua kusoma, anajua alfabeti, lakini jina alilo nalo nyumbani silo jina alilochagua mwandishi. Basi nikabandika karatasi ya manila ukutani, tukaiita majina pacha. Tembo na ndovu walikuwa wa kwanza. Kima, tumbili na ngedere walituletea ugomvi wa siku mbili, maana kila nyumba ina msimamo wake ni yupi ni yupi. Nikawaambia walete na majina ya kwa bibi zao: Kidigo, Kibondei, Kisambaa, Kizigua, Kisegeju. Manila ilijaa, tukaongeza ya pili. Watoto waliokuwa hawasemi kitu darasani, wale wanaozungumza kilugha nyumbani na kuona haya shuleni, ghafla wakawa ndio wataalamu.

Vitabu vya Kiingereza tulikuwa navyo vingi zaidi, vya msaada, vimejaa dubu wa barafuni na pengwini. Nikaomba wanafunzi wachache wa darasa la sita waje na kamusi wawasaidie wadogo zao. Wazo zuri, na bado naliunga mkono, ingawa ndilo lililozaa sentensi ninayoitunza mpaka leo: "Muhuri ni mnyama anayekula samaki na kuota jua juu ya barafu." Walikutana na neno seal, kamusi ikasema muhuri, wakaandika muhuri. Kamusi haikukosea. Waliishia kwenye maana ya kwanza, basi. Tukaangalia pamoja mpaka tukamfikia sili, lakini darasani jina la Muhuri lilishamganda, na kila mwalimu mkuu akigonga muhuri kwenye barua, kuna mtoto anayecheka peke yake.

Sasa nije kwenye kosa langu, ambalo sipendi kulisimulia.

Kikundi kimoja kilipewa bundi: anaonaje usiku? Binti mmoja akakataa kukaa nacho. Akasema bibi yake amemwambia bundi akilia juu ya paa kuna mtu anaondoka, asimlete ndani hata kwa kumwandika. Nilicheka. Hakikuwa kicheko kirefu, lakini watoto wakacheka na mimi, na kicheko cha mwalimu kikishazunguka darasa hakirudi mdomoni. Yule binti hakuinua mkono wiki mbili. Alikuwa anakuja, anakaa, anaandika ninachosema, anaondoka. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Ofisini wapo walioona nimejishusha, mtoto wa miaka tisa haombwi radhi, na sikubishana nao.

Kutokana na hilo nikawachorea safu tatu kwenye daftari: Niliyoambiwa, Niliyosoma, Niliyoona. Neno la bibi likaingia safu ya kwanza, na mbele yake tukaandika nani kasema, kama tunavyoandika jina la kitabu. Safu ya pili kikundi kikajaza kwamba bundi hula panya, kwamba macho yake hayazunguki matunduni kama yetu ndiyo maana hugeuza shingo mpaka digrii 270, na kwamba manyoya ya mabawa yake yana kingo laini, akiruka husikii. Safu ya tatu ilikuwa tupu, hakuna aliyemwona. Zikapita kama siku kumi. Asubuhi moja nafungua madaftari nakuta mwandiko wa yule binti: "Nimemwona juu ya mnazi wa jirani. Alilia. Bibi hajambo."

Sikuandika chochote chini yake. Niliweka vema.

Safu ya tatu ilinifundisha na jambo jingine ambalo sikulitegemea. Kikundi cha kunguru walikuwa na mnyama rahisi kuliko wote, yuko uani saa zote. Kitabu kilikuwa na picha ya kunguru mweusi mwenye shingo na kifua cheupe. Naangalia daftari lao, safu ya Niliyoona, wameandika "shingo nyeupe". Lakini karatasi ilikuwa na doa. Nikainua kwenye mwanga wa dirisha nikasoma neno lililofutwa chini yake: kijivu. Watoto walimwona kunguru kwa macho yao, wakaandika sawasawa, kisha wakafungua kitabu, wakajiona wamekosea, wakachukua kifutio.

Na wote walikuwa sahihi. Huyo wa shingo nyeupe ni kunguru wa hapa Afrika. Huyu mwizi wa maandazi, wa shingo ya kijivu, asili yake Bara Hindi. Aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, akasambaa pwani yote. Kitabu kilizungumzia ndege mwingine, na hakuna mtoto aliyethubutu kufikiri hivyo. Toka siku hiyo safu ya tatu inaandikwa kwa kalamu ya wino. Safu nyingine kalamu ya risasi ruksa.

Ndipo akaja mjukuu wa mvuvi.

Huyu tangu siku ya mkungu alikuwa na swali lake moja tu: samaki gani ana miguu? Nilimpa kikundi, nikijua moyoni kwamba ni hadithi za usiku. Akasema babu yake alishamvua. Ni mkubwa, wa buluu, ana madoa meupe, na mapezi yake yana vishikizo kama miguu. Nikamwambia labda ni chewa. Nalikumbuka neno hilo, labda ni chewa, kwa sababu nililisema kwa upole kabisa, upole wa mtu anayefunga mlango.

Wakamtafuta. Kwenye kitabu kikubwa cha Kiingereza cha samaki wakakuta picha, na kijana akapiga ukelele, "Huyu!" Dada wa darasa la sita akawasomea, akiwatafsiria sentensi moja moja. Kwamba samaki huyu alijulikana kwa visukuku tu, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, na wataalamu waliamini ametoweka pamoja na dinosaria, miaka kama milioni 66 iliyopita. Kwamba mwaka 1938 mmoja alivuliwa Afrika Kusini, akaonwa na mtunza makumbusho wa mji wa East London, Marjorie Courtenay-Latimer, ambaye jina lake limo katika jina la kisayansi la samaki huyo. Kwamba mwaka 1952 alipatikana mwingine Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua siku zote na kumwita gombessa. Na kwamba zaidi ya huko, hajulikani kuishi mahali pengine popote.

Kijana akaandika kwenye safu ya pili: "Hayupo Tanga." Kwenye safu ya kwanza alikuwa ameshaandika: "Babu alimvua." Akatazama moja, akatazama nyingine, akaniletea daftari.

"Mwalimu, nifute ipi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia asifute, akamwulize babu vizuri, ilikuwa lini, wapi, kwa mtego gani. Nilidhani ataleta majibu. Alileta babu. Mzee alisimama mlangoni kesho yake saa mbili asubuhi, kofia ya mkono kichwani, kandambili kaziacha nje.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Mie si msomi, ila naambiwa nimeitwa mwongo na kitabu."

Nikamkaribisha kwenye mkeka. Akawaeleza watoto jarife ni nini, nyavu zile za macho makubwa za papa, na jinsi walivyokuwa wakizitega kwenye kina kirefu ambako zamani hawakufika. Akaeleza walivyomvuta wa kwanza wakadhani jiwe. Jinsi macho yake yalivyong'aa kwenye mwanga wa tochi. Nyama yake ina mafuta mengi, ukila tumbo linakuendesha, hivyo hakuna aliyegombea. Na mapezi: mzee akaweka viganja sakafuni, akawaonyesha mmoja mbele, mwingine nyuma, yanavyopishana, si kama samaki anayepepea. Watoto wakateremka wote chini wakamfuata. Maswali aliyoulizwa asubuhi ile mimi sijawahi kuulizwa mwaka mzima.

Usiku nikasoma kwenye simu, nikaona aibu. Silikanti. Jina hilo nilikuwa nalijua miaka yote, si lipo kwenye jina la hifadhi yetu ya bahari? Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009, inaanzia upande wa Pangani kuja mpaka kaskazini ya mji. Nilikuwa nalitaja kama mtu anavyotaja jina la kituo cha basi. Wa kwanza kujulikana Tanzania alivuliwa 2003 upande wa Kilwa, na baada yake jarife za Tanga zikaanza kuwatoa mmoja baada ya mwingine. Anafika karibu mita mbili na kilo 90, na anazaa, hatagi majini. Mimi mzaliwa wa hapa nilikuwa nimemwambia mtoto labda ni chewa.

Kesho yake nikakiweka kile kitabu katikati ya mkeka, nikawauliza: kwa nini kilisema hayupo? Jibu la haraka lilikuwa kwamba aliyekiandika mwongo. Nikawafundisha kufungua ule ukurasa wa mwanzo wenye maandishi madogo, ambao mtoto mmoja aliwahi kuunakili wote bila kujua ni nini. Wakaukuta mwaka: 1987. Wengine wakatoa kwa vidole, wengine kwa vijiti: 2003 toa 1987, ni 16. Kitabu kilifungwa miaka 16 kabla ya samaki kupatikana Tanzania. Kingejuaje?

Wakapenda mno. Kwa wiki nzima hakuna aliyesoma kitabu bila kuangalia mwaka, halafu wakapitiliza, wakaanza kukataa kila kilichochapwa kabla hawajazaliwa. "Hiki kizee, mwalimu." Kwa kabati yetu ile, maana yake tungebaki na vitabu vinne. Ikabidi nipoteze kipindi kizima na twiga: mifupa ya shingo saba mwaka 1987, saba leo, saba ile ile uliyonayo wewe. Wakajipapasa shingo, wakahesabu, wakapata tisa, wengine mitano. Nikaacha hivyo, kengele ilikuwa imegonga.

Kuhusu lile daftari, kijana hakufuta mstari wowote. Aliongeza namba mbele ya kila safu: 1987 kwenye ya kitabu, na kwenye ya babu akaandika "alisema Jumatano". Kisha bila kuniuliza wakakata kipande cha karatasi, wakakibandika kwa uji wa sembe ndani ya kitabu kikubwa, pembeni ya picha: "Yupo na Tanga. Muulizeni babu." Nilipewa onyo ofisini kwa kuruhusu vitabu vya msaada kubandikwa uji, kwani unaleta mende. Ni kweli unaleta. Nikabandua, nikabandika tena kwa gundi.

Karatasi bado ipo. Mwezi uliopita watoto wawili wa darasa la tatu la sasa, ambao hata hawamjui yule kijana, walinifuata uani na kile kitabu wamekishika kama sinia, mmoja huku mwingine kule.

"Mwalimu, hapa wameandika muulizeni babu. Babu mwenyewe anakaa wapi?"

Nikawaelekeza.